Wahakiki waliona nini kwenye Wonder Woman?

Swali: "Nimetazama Wonder Woman ile ya 2017. Kwangu ni muvi ya kawaida, tena mwisho wake mbovu: steringi na adui wanarushiana radi mpaka unachoka. Kuingia mtandaoni nakuta wahakiki wameipa asilimia 93! Rafiki yangu mmoja anasema waliogopa kuiponda kwa sababu steringi ni mwanamke na mwongozaji ni mwanamke. Mwingine anasema walilipwa. Ukweli ni upi? Na ile ya pili inafaa kutazamwa?" (Msomaji, Morogoro)

Ndugu yangu, tuanze na huo mwisho, maana hapo wewe na wahakiki mko upande mmoja. Chukua tahakiki kumi za wakati ule, hata zile zilizojaa sifa, utakuta nyingi zinanung'unikia mambo hayohayo: moto mwingi, giza jingi, watu wa kompyuta wanarushana huku na huko, na Ares, mungu wa vita, aliyevikwa mavazi ya chuma huku uso ni wa mzee wa Kiingereza mwenye masharubu. David Thewlis aliyemwigiza ni mwigizaji hodari, lakini pale hakuna aliyemsaidia.

Tena kasoro haiko kwenye picha tu. Filamu nzima imejengwa juu ya imani ya Diana, yaani Wonder Woman mwenyewe, kwamba vita (Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia) vimeletwa na mungu mmoja mwovu. Ukimuua huyo, binadamu watarudi kuwa wema. Anamuua jenerali wa Kijerumani Ludendorff akidhani ndiye, anageuka, na kule chini wanajeshi bado wanapakia gesi ya sumu kwenye ndege kana kwamba hakuna kilichotokea. Steve Trevor, rubani mpelelezi anayefuatana naye, anamwambia pengine hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa, pengine sisi sote tumo. Hapo filamu ya mashujaa ilikuwa imefika mahali ambapo filamu za namna hiyo hazifiki. Halafu baada ya dakika chache Ares anajitokeza, anapigwa, na wanajeshi wa Kijerumani wanavua vinyago vyao vya gesi na kukumbatiana. Kilichokuwa kimesemwa kimefutwa. Mwongozaji Patty Jenkins mwenyewe alikuja kusema mwaka 2020 kwamba mwisho alioukusudia ulikuwa mdogo zaidi, na kwamba studio ilimlazimisha aubadilishe dakika za mwisho. (Na huyo Ludendorff ni mtu wa kweli wa historia, aliyekufa mwaka 1937. Filamu imemzika mapema miaka 19.)

Sasa utauliza: kama wote waliona kasoro, 93 imetoka wapi? Hapa ndipo watu wengi wanapotea njia. Hiyo 93 ni ya tovuti ya Rotten Tomatoes, nayo haitoi maksi. Inachofanya ni kukusanya tahakiki za wahakiki inaowatambua na kuuliza kila moja jambo moja tu: huyu kaipenda au hakuipenda? Ni kama kuhesabu mikono mkutanoni. Aliyenyoosha kwa shangwe na aliyenyoosha kwa kusitasita, wote ni mkono mmoja. Filamu ambayo wahakiki 100 wameiona "inatazamika" itapata asilimia 100. Filamu ambayo nusu yao wanaiabudu na nusu wanaitema itapata 50. Kwa hiyo 93 inakwambia kwamba katika kila wahakiki 100, 93 hivi walitoka ukumbini wameridhika. Haikwambii waliridhika kwa kiasi gani.

Ukitaka kiasi, tazama kwingine. Tovuti hiyohiyo ina wastani wa alama ambao watu hawaubofyi, na kwa Wonder Woman unazidi kidogo saba na nusu kati ya kumi. Metacritic, tovuti nyingine ambayo inapima uzito wa kila tahakiki badala ya kuhesabu ndiyo na hapana, iliipa 76 kati ya 100. Hizo ni alama za filamu nzuri yenye dosari zinazoonekana. Ukiniambia wewe ungeipa 60, basi baina yako na wahakiki kuna tofauti ndogo tu ya kawaida, ile inayozuka hata baina ya ndugu wawili waliokaa kochi moja.

Lakini sitaki kuficha jambo. Filamu hii ilipokewa kwa furaha iliyozidi alama zake, na furaha hiyo ina historia.

Wonder Woman kama mhusika alizaliwa mwaka 1941, akatungwa na William Moulton Marston, mwanasaikolojia ambaye pia alichangia kubuni kipimo cha kugundua uongo (ndiyo maana ile kamba ya dhahabu inamlazimisha mtu aseme kweli). Amezaliwa miaka michache tu baada ya Superman na Batman. Hao wawili wametengenezewa filamu za sinema tangu enzi za babu zetu. Yeye alipata kipindi cha televisheni cha Lynda Carter, kuanzia 1975 hadi 1979, kisha akakaa benchi. Filamu ya kwanza ya sinema iliyobeba jina lake peke yake ni hii ya 2017, miaka zaidi ya 75 baada ya kuzaliwa kwake.

Na waliomtangulia hawakumsafishia njia. Supergirl ya 1984 iligharimu dola milioni 35 na Marekani haikurudisha hata nusu. Catwoman ya 2004, yenye bajeti ya dola milioni 100, ilichekwa dunia nzima. Steringi wake, Halle Berry, alishinda Razzie, ile tuzo ya kejeli ya waigizaji wabovu, akaenda kuichukua mwenyewe huku mkono wa pili kashika Oscar yake. Simjui mwigizaji mwingine aliyebeba aibu kwa ujasiri namna ile. Elektra ya 2005 ikafuata na kufa kimya. Hollywood ikafunga faili. Barua pepe za Sony zilipovuja baada ya kampuni hiyo kudukuliwa mwaka 2014, ilipatikana moja ya Ike Perlmutter, wakati huo bosi wa Marvel, kampuni ya mashujaa, akiorodhesha filamu hizohizo tatu kama ushahidi wa jinsi muvi za mashujaa wanawake zinavyoanguka. Green Lantern ilianguka vibaya mwaka 2011, steringi wake mwanamume, na hakuna aliyeandika barua kusema wanaume hawauzi.

Ongeza na hali ya kampuni yenyewe. Warner Bros. walikuwa wanajenga ulimwengu wao wa mashujaa wa DC (kampuni ya katuni yenye Superman, Batman na Wonder Woman) na mambo hayaendi. Batman v Superman ya 2016 ilitoka Rotten Tomatoes na asilimia isiyofika 30. Suicide Squad mwaka huohuo, hivyohivyo. Zilikuwa filamu za giza, za kununa, za watu wanaojadiliana kuhusu miungu huku mvua ikinyesha. Wahakiki walioziponda walikuwa wamesema jambo moja jema tu kuhusu Batman v Superman: yule mwanamke anayetokea mwishoni na ngao, dakika chache tu, ndiye pekee anayeonekana kufurahia kuwa hapo. Huyo ndiye Gal Gadot, Wonder Woman mwenyewe. Kwa hiyo Juni 2017 mhakiki aliingia ukumbini akitegemea mambo mawili: mkosi wa mashujaa wanawake na mkosi wa DC. Akatoka amecheka, na wengine wametokwa na machozi. Mtu aliyetegemea njaa akaletewa pilau hawezi kuandika kwa sauti ileile ya mtu aliyezoea pilau.

Machozi hayo wengi waliyamwaga mahali pamoja, na hapo nataka urudi ukatazame tena kwa utulivu. Tuko Ubelgiji, mwaka 1918, ndani ya handaki. Matope, majeruhi, farasi wanachapwa. Mama mmoja aliyebeba mtoto anamshika Diana na kumweleza kuwa ng'ambo ya uwanja kuna kijiji kinaitwa Veld, watu wake wamebaki na njaa na wengine wamefanywa watumwa. Steve anamwambia hatuwezi kumwokoa kila mtu, hii siyo kazi iliyotuleta. Ni maneno ya busara kabisa, kwa sababu jeshi limekaa pale karibu mwaka mzima bila kusogea. Diana anampa mgongo. Anazifungua nywele, anavaa taji, na kamera inatuonyesha vipande: buti kwenye ngazi, kamba kiunoni, ngao mgongoni. Halafu anapanda juu.

Risasi ya kwanza anaipangua kwa bangili. Anatembea. Risasi zinaongezeka, anaanza kukimbia, kisha rashasha inamwelemea, anachuchumaa nyuma ya ngao, miguu inasukumwa nyuma kwenye tope, na hawezi tena kusonga hata hatua. Hapo ndipo Steve anaelewa: mashine zote zinamlenga yeye, kwa hiyo uwanja umebaki wazi. Wanaume wanaruka nje ya handaki.

Utaona kwamba katika tukio lile Diana hapigani na mtu. Jenkins amesimulia kwamba hata ndani ya timu yake wapo waliouliza: sasa pale anapambana na nani? Akawajibu kwa kuichora picha moja moja mwenyewe ili waelewe. Kwa maoni yangu hilo ndilo tukio bora katika filamu zote za DC za kipindi kile, na sababu yake ni kwamba shujaa anapokea mapigo ili wengine wapite. Filamu nyingi za aina hii zinamwonyesha shujaa akiwa na nguvu. Hii kwa dakika tatu inamwonyesha akiwa na mzigo.

Jambo la pili lililowashika wahakiki ni utani, na hapa nina swali kwako. Uliitazama kwa sauti yake au ile iliyotafsiriwa na DJ? Sidharau kazi ya madj wetu. Wapo waliofanya muvi mbovu zikapendeza kuliko zilivyotengenezwa. Ila sauti ya DJ inafunika mazungumzo ya waigizaji, na filamu hii nusu ya uhai wake iko kwenye mazungumzo. Kuna usiku ule kwenye mashua, Diana anamwuliza Steve kwa nini anakwenda kulala mbali, naye anababaika kama mvulana mbele ya baba mkwe. Kuna London, anajaribu nguo zaidi ya mia mbili dukani akiuliza kila moja mtu atapiganaje nayo, kisha anakwama na upanga wake kwenye mlango unaozunguka. Etta Candy, katibu muhtasi wa Steve, anamweleza kazi yake, yaani kufanya kila anachoagizwa na bosi, naye anajibu kwamba kwao hiyo inaitwa utumwa. Anaonja aiskrimu kwa mara ya kwanza maishani na kumpongeza muuzaji kwa dhati kabisa. Gadot na Chris Pine (Steve) wanavyopokezana maneno ndiko wahakiki wengi walikoweka sifa zao. Ukiyaondoa hayo, linabaki pigano, na pigano, hasa la mwisho, ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Ikiwa ulitazama hivyo, sikushangai kuiona ya kawaida.

Sasa rafiki yako wa kwanza, anayesema waliogopa. Nitampa haki yake kidogo. Mwaka 2017 ulianza kwa maandamano makubwa ya wanawake Marekani, na hali ya hewa ilikuwa hiyo. Ukumbi mmoja wa Austin, Texas, ulipotangaza maonyesho ya kutazamwa na wanawake peke yao, ugomvi wake ulienea dunia nzima. Mhakiki mmoja wa New York aliyeandika mno juu ya umbo la Gadot alishambuliwa na wasomaji mpaka ikabidi ajieleze. Kwa hiyo ndiyo, watu wengi walitaka filamu ifaulu, na nia njema ikiwapo kalamu inalainika. Kulainika, hata hivyo, ni mbali na kuogopa.

Walioikosoa walikuwepo tena hadharani. Agosti 2017 James Cameron, mwenye Titanic na Avatar, aliliambia gazeti la Guardian kwamba Hollywood inajipongeza bure, kwamba mhusika huyu bado ni pambo la macho ya wanaume, na kwamba filamu ni hatua ya kurudi nyuma ukilinganisha na Sarah Connor wake wa Terminator. Jenkins akamjibu kwamba hakuna aina moja tu sahihi ya mwanamke mwenye nguvu, na kwamba kama ni lazima wanawake wawe wagumu na wenye majeraha ndipo wakubalike, basi hatujafika mbali. Wapo wanawake waandishi walioona kwamba baada ya kutoka kisiwani kwao Diana anazungukwa na wanaume karibu peke yao. Wapo waandishi weusi waliosema Waamazoni weusi (Waamazoni ni wanawake wapiganaji wa kisiwa cha Diana) wamewekwa pembeni. Wengi waliona Dokta Sumu wa Elena Anaya, mwenye kipande cha kinyago usoni, alikuwa adui wa kuvutia kuliko Ares na hakupewa nafasi. Kulikuwa na upinzani mwingine ambao hauhusiani kabisa na ubora: Lebanoni iliipiga marufuku saa chache kabla ya kuonyeshwa kwa sababu Gadot ni Mwisraeli na amelitumikia jeshi la nchi yake, ingawa Batman v Superman, yenye mwigizaji huyohuyo, ilikuwa imeonyeshwa huko mwaka mmoja nyuma.

Ila jibu kubwa kwa rafiki yako ni hao waliokuja baadaye. Captain Marvel ya 2019, shujaa wa kwanza mwanamke kupewa filamu yake na Marvel Studios, ilipata 79 na si 93, ingawa iliingiza zaidi ya dola bilioni moja na milioni mia moja. Huko waliochafua hewa walikuwa watu wa mtandaoni, waliojaa kuiponda kabla haijatoka, mpaka Rotten Tomatoes ikaondoa sehemu ya kupimia hamu ya watazamaji. Madame Web ya 2024, steringi mwanamke na mwongozaji mwanamke, haikufika hata 15. Na Wonder Woman 1984, ya Desemba 2020, ina Jenkins yuleyule, Gadot yuleyule, kampuni ileile. Ilianza kwa sifa, kisha tahakiki zilivyozidi kuingia ikashuka chini ya 60, mpaka ambapo kwa hesabu za tovuti hiyo filamu inahesabiwa imeoza. Woga gani huo unaokuja 2017 na kuondoka 2020?

Rafiki wa pili, wa kulipwa, ananipa kazi ndogo zaidi. Ni kweli Warner Bros. ilikuwa na sehemu ya hisa katika kampuni inayomiliki Rotten Tomatoes. Lakini ilikuwa nazo pia Suicide Squad ilipochanwachanwa, na mwaka huohuo mashabiki wa DC walizungusha saini za kutaka tovuti ifungwe wakidai wahakiki wanaionea DC. Kabla ya hapo walikuwa wakisema Disney ndiyo inayolipa. Anayenunua tahakiki na kupata asilimia 26 ametapeliwa.

Tena watazamaji wa kawaida, ambao hakuna anayewalipa, walisema vilevile. CinemaScore ni kampuni inayosimama milangoni mwa kumbi za Marekani na Kanada usiku wa kwanza na kuwauliza wanaotoka, na watu hao waliipa A. Wikendi ya kwanza iliingiza dola milioni 103 katika nchi hizo mbili, na wakati ule hakuna filamu iliyoongozwa na mwanamke iliyokuwa imefungua kwa kiasi hicho. Wikendi ya pili ndiyo inayosema zaidi. Batman v Superman ilikuwa imefungua kwa milioni 166, kisha wiki iliyofuata ikaporomoka kwa karibu asilimia 70, maana waliotazama waliwaambia wenzao wabaki nyumbani. Wonder Woman ilishuka kwa chini ya nusu, na ikaendelea kuuza majira yote ya kiangazi mpaka ikafika milioni 412 huko, na zaidi ya milioni 820 dunia nzima. Kwa soko la Marekani iliwapita Batman na Superman waliojumuika pamoja.

Na wahakiki na watu wa filamu hawakupoteza kichwa. Taasisi ya Filamu ya Marekani, AFI, iliiweka katika kumi bora za mwaka, lakini Oscar za 2018 haikupata uteuzi hata mmoja, hata wa mavazi. Mwaka uliofuata Black Panther ikateuliwa mara saba. Hiyo inakupa kipimo cha mahali ilipokaa.

Kuhusu ya pili: inafaa ukiwa na saa mbili na nusu ambazo huna kazi nazo. Tazama dakika kumi za mwanzo, mashindano ya Waamazoni na Diana mtoto, hizo ni safi. Pedro Pascal anajitahidi sana kama tapeli wa mafuta. Kisa cha Steve kurudi ndani ya mwili wa mwanamume mwingine kimewaudhi watu wengi, nami nimo. Kama ni kuchagua, itazame tena ya kwanza, kwa sauti yake, na ikifika pale Steve anaporuka na ndege yenye gesi unaweza kuizima. Hutakuwa umekosa kitu.